Kwa nini filamu za dunia ya kale zinafanana? Tujadili usahihi na ubunifu

Mwana Katonga (mwenye uzi)

Wadau, salamu kwenu nyote.

Mabishano kuhusu filamu za Warumi, Wagiriki na Wamisri hayaishi, na kila mara watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema filamu ifuate historia. Lingine linasema mwacheni msanii atunge anavyotaka. Kwa maoni yangu yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa sababu yanaamini ukweli na ubunifu ni maadui. Mimi ni mtu wa kibandani, pale tunapolipia kutazama filamu, tangu enzi za kanda za VHS, na baadaye nikaanza kuwasoma wanahistoria wa zamani wenyewe. Nimefikia hoja moja: makosa mengi ya filamu hizi hayatokani na msanii kubuni. Yanatokana na kunakili filamu iliyomtangulia. Anayerudi kwenye chanzo ndiye anayekuja na kitu kipya.

Chukueni kidole gumba. Kila mtu aliyekaa kwenye benchi la kibanda anajua kwamba gumba likielekezwa chini, mpiganaji anachinjwa. Mshairi Mrumi Juvenal anataja watu kugeuza gumba, lakini hasemi liligeuzwa upande gani. Gumba la chini tunalolijua limeenezwa na mchoro wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872. Na mchoro huohuo ndio aliooneshwa mwongozaji Ridley Scott alipokuwa akishawishiwa kutengeneza Gladiator, ile ya mwaka 2000. Yaani filamu tunayoiona kuwa ndiyo sura ya Roma ilianzia kwenye picha ya mtu aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 baada ya mfalme anayesimuliwa humo.

Ile saluti ya mkono ulionyooshwa nayo ni hivyohivyo. Hakuna maandishi ya Kirumi yanayoieleza. Chimbuko lake ni mchoro mwingine wa Kifaransa, wa Jacques-Louis David, wa mwaka 1784. Michezo ya jukwaani ikaudaka, sinema za mwanzo zikaudaka kutoka jukwaani, na waongozaji wengi wakaendelea kuwaonyesha askari wa Kirumi na mkono huo.

Watumwa waliofungwa minyororo wakipiga makasia huku ngoma inalia? Ben-Hur ya mwaka 1959 iliipenda sana picha hiyo, nayo ilitoka kwenye riwaya ya 1880. Manowari ya Athene ilikuwa na wapiga makasia 170 hivi, wengi wao raia huru waliolipwa, na watu hao walidai sauti yao kwenye siasa za mji kwa sababu ushindi vitani ulipatikana kwa mabega yao. Hebu fikirieni filamu juu ya maskini wa mjini wanaogundua kwamba bila wao jeshi la majini halisogei. Hiyo mimi sijaiona.

Vikuku vya kukanyagia farasi sitavikalia sana. Warumi hawakuwa navyo, vilifika Ulaya karne nyingi baadaye. Sanamu nyeupe nazo zilipakwa rangi: ile ya Augusto iliyochimbuliwa Prima Porta mwaka 1863 ilikutwa na mabaki ya rangi. Lakini kila Roma ya kwenye skrini ni nyeupe kama sahani, kwa kuwa Roma ya filamu iliyotangulia ilikuwa nyeupe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Kwenye Gladiator, mfalme Commodus anamziba baba yake pumzi hadi kufa, kisha anakufa yeye mwenyewe uwanjani mbele ya umati, na madaraka yanarudi kwa Seneti. Hiyo ni hadithi ya kisasi ambayo tumeshaiona mara nyingi. Tazameni yaliyoandikwa na Cassius Dio. Huyu alikuwa seneta, na siku anazozisimulia alikuwa amekaa palepale uwanjani.

Anasema Commodus alimuua mbuni, ndege haohao tunaowaona Kidepo kule Karamoja, akamkata kichwa. Akaja hadi walipokaa maseneta, kichwa cha ndege mkono wa kushoto, upanga wenye damu mkono wa kulia. Hakusema neno. Alitikisa kichwa tu huku akitabasamu, na kila seneta akaelewa kinachofuata ni shingo ya nani. Lakini badala ya kuogopa, maseneta walianza kubanwa na kicheko. Mtawala wa dunia amesimama mbele yao na kichwa cha mbuni! Kucheka kungewaua hapohapo. Dio akachomoa majani kwenye taji lake, akayatia mdomoni akayatafuna, na akawaambia waliokaa karibu naye wafanye hivyohivyo, ili midomo ionekane inatafuna tu.

Ndugu zangu, nani angebuni tukio hilo? Lina hofu, lina aibu, lina wazee wazima wanaotafuna majani ili waishi. Mtu yeyote aliyekulia chini ya utawala wa bunduki analielewa bila kuelezwa. Nalo limo kitabuni muda wote huu.

Commodus mwenyewe alikufa tarehe 31 Desemba 192. Sumu aliyopewa na suria wake ilishindwa kummaliza, ndipo akaitwa mwanamieleka jina lake Narcissus, akamnyonga. Aliyemfuata, Pertinax, aliuawa na walinzi baada ya siku 87. Kisha walinzi hao wakakiuza kiti cha enzi kwa mnada. Mmoja wa wanunuzi alikuwa ndani ya kambi, mwingine, Didius Julianus, alikuwa nje langoni, na watu wakipeleka bei huku na huku. Dio anasema Julianus alipandisha bei kwa kupaza sauti na kuonyesha kiasi kwa vidole. Akashinda kwa sarafu za sesterce 25,000 kwa kila askari. Akatawala siku 66, akauawa. Kwenye filamu sisi tuliambiwa Seneti ilirudishiwa heshima yake.

Misri sitaimaliza, lakini moja tu. Filamu ya mwaka 2008 ilituonyesha watumwa na mamothi, tembo wenye manyoya wa zama za barafu, wakijenga piramidi. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana makaratasi ya mafunjo ya mkuu wa kikosi aitwaye Merer. Ni kumbukumbu yake ya kazi: leo tumepakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, leo tumelala njiani, kesho yake tumefika Giza, penye piramidi. Nahodha wa mashua za mizigo anayeandika ratiba yake wakati piramidi ya Khufu inamaliziwa. Na makaburi ya wajenzi, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1990 pale farasi alipojikwaa kwenye ukuta uliofukiwa mchangani, yanaonyesha watu waliozikwa kwa heshima karibu na mfalme wao. Watumwa hawazikwi hivyo.

Nimeweka hoja mezani. Karibuni mnipinge.

Jirani wa Bwaise

Mkuu, nondo umeshusha, lakini hapa nakupinga. Mtu anaingia kibandani baada ya kuendesha boda kutwa nzima. Hakuja kusoma Dio. Anataka panga, damu, na VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo, anayejua kazi. Isitoshe VJ naye anaongeza yake. Nimesikia mfalme wa Roma akiitwa Kabaka, na akida wake akapewa jina la mtaa wa Kampala. Mbona hilo hulilalamikii? Na ile ya Wasparta ya mwaka 2006 ni uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini mpaka leo ikiwekwa benchi linajaa.

Mwana Katonga

Jirani, umeuliza vizuri na nitajibu kwa moyo.

VJ simlalamikii hata kidogo. Sauti yake inasikika juu ya filamu, kila aliyekaa pale anajua huyu ni msimulizi wetu na yale ni maneno yake. Ni kazi ya mtambaji, na ni kazi ya ubunifu hasa. Ndiyo maana Nabwana, mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ ikawa sehemu ya filamu yenyewe, na dunia ikaigeukia Kampala. Hakunakili mtu. Alichukua kitu cha kibandani kwetu akakiweka katikati.

Ile ya Wasparta nayo ina jambo moja la haki. Inasimuliwa na askari anayewatia moyo wenzake usiku wa kabla ya vita. Ukilijua hilo, majitu na wanyama wa ajabu unayapokea kama chumvi ya msimulizi. Sina ugomvi na majitu. Ugomvi wangu ni kwamba mwanahistoria Mgiriki Herodoto anasema watu 700 wa Thespiae walikataa kuondoka wakafia palepale Thermopylae pamoja na wale Wasparta 300, mwaka 480 KK. Mji mdogo, bila sifa ya ushujaa kama Sparta, bila jeshi la kazi hiyo. Walichagua. Nani anawakumbuka? Wapiga filamu wamekwenda kwa wale 300 kwa sababu waliotangulia walikwenda kwa wale 300, kuanzia filamu ya 1962.

Na Waajemi kuchorwa kama mazimwi, hilo liliwaudhi Wairani na serikali yao ikalalamika. Nami nawaelewa. Sisi pia tunajua inavyokuwa kuonyeshwa kwenye skrini ya mtu mwingine.

Kuhusu dereva wa boda aliyechoka: mimi naamini tukio la mbuni lingemkamata kuliko panga la mia moja. Watu wa kibandani hawana haraka na hadithi nzuri. Tumewahi kukaa kimya pale kwa sababu ya mazungumzo tu, VJ naye akanyamaza kidogo.

Jirani wa Bwaise

Hapo kwa Thespiae umenifunga. Lakini panga sitaliacha.

Binti Bombo

Mimi niseme la Cleopatra, maana kila uzi wa namna hii hufika huko mwishoni, afadhali tulimalize mapema.

Mwaka 2023 ulipotoka ule mfululizo wa Netflix na mwigizaji mwenye asili ya Kiafrika, Wamisri walikuja juu hadi wizara ya mambo ya kale ikatoa tamko. Ile ya mwaka 1963 ilikuwa na Mwingereza mweupe na sikumbuki wizara yoyote ikitoa tamko la rangi. Ninachojua ni kwamba ukoo wa Ptolemy ulitoka Makedonia, ulitawala Misri tangu 305 KK, na Plutarko anasema Cleopatra ndiye wa kwanza katika ukoo huo kujifunza lugha ya Wamisri. Anasema pia aliongea na Waethiopia bila mkalimani. Hilo la lugha ndilo ningelifanyia filamu. Mtawala wa kigeni ambaye babu zake waliishi nchini zaidi ya miaka 200 wakikataa kuongea na watu wao, halafu msichana mmoja anaamua kujifunza. Anajifunzia kwa nani? Jikoni? Hekaluni? Hakuna aliyeionyesha.

Lakini linalonichosha ni kwamba tunagombania rangi ya malkia mmoja wa Kigiriki huku jirani yake amekaa bila filamu.

Miaka michache baada ya Cleopatra kufa, Kush, ufalme wa kusini mwa Misri, ilikuwa na kandake, mama mtawala, ambaye wanahistoria wengi humtambua kuwa Amanirenas. Strabo anamtaja kuwa mwanamke shupavu mwenye chongo. Jeshi lake lilivamia Aswan na Philae na kuangusha sanamu za Augusto. Warumi chini ya Petronius wakajibu, wakaiharibu Napata. Hakukubali. Mwishowe wajumbe wake walikwenda kumkuta Augusto kwenye kisiwa cha Samos, naye akawapa walichoomba na kuwaondolea kodi. Roma hiyohiyo inayomeza kila mtu kwenye filamu!

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walipokuwa Meroe, mji wa Kush, walikuta kichwa cha shaba nyeusi cha Augusto, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu. Kila aliyeingia kuabudu alimkanyaga mfalme wa Roma. Kwa sababu kilifukiwa, macho yake ya kioo na mawe yamebaki mazima hadi leo, kiko Makumbusho ya Uingereza kinatazama watu. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Sidai babu zetu waliokuja na jeshi la Emin Pasha walikuwa wa ukoo wa Meroe, hayo ni mambo mawili tofauti. Lakini Naili inayopita Jinja ndiyo iliyopita mbele ya hekalu hilo, na hadithi hii nilikutana nayo nikiwa mtu mzima. Roma niliijua nikiwa na miaka saba, kwa sauti ya VJ.

Mwana Katonga

Dada, Mungu akubariki. Hiyo ya ngazi ndiyo filamu. Unaanza na miguu inayopanda, hujui inakanyaga nini.

Na kwa kuwa umeitaja Naili: Seneka anasimulia kwamba Nero alituma maakida wawili kutafuta chanzo chake. Walirudi wakamwambia wamefika kwenye mabwawa yasiyo na mwisho, mimea imesongamana na maji hadi haipiti mashua isipokuwa ndogo ya mtu mmoja. Anayejua Sudd, yale mabwawa ya Sudan Kusini, au hata mafunjo ya mto Katonga wakati wa mvua, anajua kabisa walikuwa wakitazama nini. Warumi wawili wamekwama kwenye mafunjo, upande wa huku kuna watu ambao tayari wanafua chuma. Maana hilo nalo watu hawalijui: wakati wa Augusto, kandokando ya maziwa yetu vyungu vya mtindo wa kale wa Urewe na tanuri za chuma vilikuwepo kwa karne kadhaa.

Mpiga Kamera Mbale

Wazee wangu, nimesoma uzi wote kimya. Mimi na wenzangu tuna mpango wa filamu fupi ya Isaza na Nyamiyonga, zile habari za Kitara, ufalme wa kale wa magharibi mwa Uganda, kabla ya watawala wa mapokeo waitwao Bachwezi. Pesa ni kidogo. Fundi wa mavazi amenipendekezea mikanda ya ngozi kifuani, ngao za duara na mapanga marefu. Kuna jamaa ana farasi wawili wa kukodisha. Naomba ushauri kabla hatujalipa mtu.

Mwana Katonga

Mdogo wangu, usilipe bado.

Farasi warudishe kwa mwenyewe. Falme za maziwa haya hazikupanda farasi zama hizo. Mikanda ya kifuani ni ya Hollywood, nayo Hollywood iliitoa jukwaani. Ukiivaa, mtazamaji ataona Roma ya bei rahisi badala ya Kitara, na kwa bei rahisi Roma yao itakushinda tu.

Wavae lubugo, ile nguo ya gome la mti, na ngozi za ng'ombe. Lubugo bado linatengenezwa Buganda na UNESCO ililitambua mwaka 2005. Nenda ukamtazame fundi akilitengeneza, na uende na kamera. Anaubandua mti wa mutuba gome lake wakati wa mvua, anaufunika mti kwa majani ya migomba upone, kisha anaponda gome kwa nyundo za mti zenye mifuo, anaanza na mifuo mipana akimalizia na myembamba, mpaka kipande kinatanuka mara kadhaa na kulainika. Mlio wa nyundo zile ukiurekodi vizuri, umepata muziki wa filamu nzima bila kumlipa mpiga kinanda.

Mahali: watu hukimbilia Bigo bya Mugenyi, na wana sababu. Yale mahandaki ya Sembabule kandokando ya Katonga yana jumla ya zaidi ya kilomita 10, mengine yamechimbwa hadi kwenye mwamba, na ukisimama ndani unapotea kichwa. Ila uwe mwangalifu kidogo. Mapokeo yanasema ni ya Bachwezi, waakiolojia wanayaweka kwenye karne za 14 hadi 16 hivi. Kwa Isaza, ambaye mapokeo yanamweka kabla yao, mimi ningetumia mbuga na ng'ombe tu. Na kama unataka kazi za mikono za watu wa Bunyoro, fika Kibiro, chini ya ukingo wa Ziwa Albert. Wanawake kule wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, udongo unanyonya, wanaukwangua, wanauchuja kwa maji kwenye vyungu vilivyotobolewa, kisha wanachemsha. Wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na mashamba yale ni mali yao wanawake. Mwongozaji wa ng'ambo hajui hata kwamba pako.

Ngao na mapanga tuyaache, kwa sababu hadithi yenyewe haiyahitaji. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, hakumshambulia Isaza kwa jeshi. Alimtumia mafumbo. Kamba ya kufunga maji ni ipi? Kinachomgeuza mfalme atazame nyuma ni nini? Mlango unaofungia umaskini nje ni upi? Wazee wa baraza wakashindwa, mjakazi akayafumbua. Unga wa ulezi ulitiwa kwenye maji yanayochemka, maji yakafungika. Ng'ombe akalia, Isaza akageuka. Mlango ulikuwa undugu wa damu. Isaza akaogopa kuufunga mwenyewe na mfalme wa kuzimu, akamweka mtumishi wake Bukuku ameze buni za kahawa zenye damu kwa niaba yake. Nyamiyonga akagundua amedharauliwa. Akatuma binti yake Nyamata, halafu akatuma ng'ombe wawili wazuri, Ruhogo na Kahogo. Isaza aliweza kumpa kisogo mwanamke, ng'ombe akashindwa. Akawafuata mpaka kuzimu na hakurudi.

Hiyo ni tamthilia ya watu watano, sufuria moja na ng'ombe wawili. Weka kamera karibu na uso wa Isaza yule ng'ombe anapolia.

Jirani wa Bwaise

Kijana, ukiitoa nitamleta VJ wetu mwenyewe. Na hata bila panga nitaingia.

Mpiga Kamera Mbale

Asanteni wazee. Farasi nimeshawakataa asubuhi hii. Ng'ombe wa pembe ndefu nitawapata kwa mjomba wangu upande wa Nakasongola. Lililobaki ni chungu: Kitara ya zamani hiyo hawakuwa na sufuria, kwa hiyo tukio la unga wa ulezi linahitaji chungu cha udongo chenye nakshi ya kamba iliyoviringishwa, kama vigae vinavyookotwa Ntusi. Kuna mdau anayemjua mfinyanzi anayeweza kukifanya, kikubwa cha kutosha maji yaonekane yakichemka kwenye kamera?

Binti Bombo

Nina shangazi mfinyanzi. Nakutumia ujumbe wa ndani.